Mpambaji wa Mawe Matatu

Justa Kabula alikutwa amelala ubavu kwenye maua aliyoyapanga kwa mikono yake. Alipoanguka alivuta kitambaa cha meza, na kila kilichokuwa juu yake kikaja chini: glasi, mishumaa, mawaridi meupe. Povu lilikuwa limeanza kukauka pembeni ya mdomo.

Inspekta Scolastika Maduhu wa upelelezi Geita alichuchumaa bila kugusa kitu.

"Nani amemgusa?"

"Daktari peke yake, afande," alijibu Koplo Onesmo. "Alifika saa tano kasorobo, akakuta ameshakata roho."

Ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa Hoteli ya Mawe Matatu, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Euphrasia, nesi kutoka Tinde, alikuwa anaolewa na fundi mitambo wa mgodini, na wote wawili walitaka harusi ya ziwani, wageni wasafiri kutoka Shinyanga na kulala hapohapo. Siku hiyo ilikuwa ya kuchagua watoa huduma. Mpishi alileta vyakula vya kuonjwa, mpiga picha alileta kamera, na wapambaji wawili walipamba meza mojamoja ya mfano. Saa nne Euphrasia alitangaza kwamba amemchagua Justa. Nusu saa baadaye Justa alishika kifua, akaanguka.

Karibu na mguu wa meza palikuwa na chupa ndogo ya chai yenye kifuniko cha bluu. Scolastika aliinama juu yake, harufu ngeni ikampata, akanyanyuka haraka.

"Ifungwe kwenye mfuko wa vielelezo. Asiifungue mtu mpaka ifike maabara Mwanza."

Aliyehojiwa kwanza alikuwa Mamta, mpishi kutoka Shinyanga mjini. Mikono yake ilikuwa bado na unga.

"Watu wamekula chakula changu, Inspekta! Wote! Mimi mwenyewe nimekula!"

"Justa alikula nini?"

"Sambusa moja. Ile sahani ilizunguka kwa watu tisa."

"Na chai?"

"Chai yangu hakuigusa. Mama Justa ana kisukari. Anakuja na mchaichai wake kwenye chupa, hauna sukari. Kila mtu hapa anajua, maana kila kikao tunamtania."

Scolastika aliandika. Watu tisa walikula sahani moja na kufa akafa mmoja. Basi sumu haikutoka jikoni.

Mpambaji wa pili, Limi, aliingia akiwa amefunga mikono kifuani. Meza yake ya zambarau ilikuwa bado imesimama kule ukumbini, haina anayeitazama.

"Wanasema ulimfokea marehemu."

"Nilimfokea."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba ameniibia rangi zangu. Kwamba kila harusi nikifika yeye yupo, na akiwepo mimi sionekani." Limi alifungua mikono. "Nilimwonea wivu, afande. Miaka minne namwonea wivu. Ukitaka niseme uongo nitasema, lakini utaujua."

"Ulikaribia meza yake?"

"Baada ya kutangazwa? Nilikwenda kulia garini. Mlinzi wa getini alinipa maji."

Mlinzi alithibitisha. Limi alikuwa garini tangu saa nne na dakika tano mpaka kelele zilipopigwa.

Wa tatu alikuwa Rhoda, dada mkubwa wa Euphrasia. Mama yao alifariki Rhoda akiwa na miaka kumi na tisa na Euphrasia sita. Rhoda ndiye aliyemlea, ndiye aliyeongoza kamati ya harusi, na ndiye aliyempendekeza Justa.

"Shikamoo, dada," alisema Scolastika, maana Rhoda alimzidi umri.

"Marahaba. Mdogo wangu hajala tangu asubuhi. Mtamwachia lini?"

"Karibuni. Ulikuwa wapi kuanzia saa nne?"

"Jikoni, na Mamta. Naonja wali."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Chupa ya marehemu uliiona?"

"Niliiona mezani. Sikuigusa. Niiguse ya nini?"

"Unafanya kazi wapi?"

"Natunza stoo. Kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu, huku Nyarugusu."

Scolastika hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake.

Majibu ya maabara yalikuja Jumatano. Ndani ya mchaichai kulikuwa na sianidi, sumu inayotumika kuchenjulia dhahabu. Siku hiyohiyo Onesmo alitoka Nyarugusu na habari mbili: pipa moja la sianidi lilikuwa limevunjwa lakiri, na ufunguo wa stoo ile alikuwa nao Rhoda.

"Tumkamate, afande?"

"Wakili atasema ufunguo unaweza kuibwa. Nataka nimwone akiwa ameshika ile chupa. Niitie yule wa picha."

Fazal, mpiga picha, alikuja na kompyuta yake. Siku ile alikuwa anataka kuonyesha uwezo wake ili achaguliwe, kwa hiyo alipiga kila kitu: vikombe, viatu, maua, watu wasiojua wanapigwa. Picha mia tatu na zaidi.

Scolastika alizipitia moja baada ya moja. Picha ya kwanza iliyomsimamisha haikuwa na chupa. Euphrasia na Justa walikuwa wanacheka, mkono wa Justa uko begani kwa bibi harusi. Nyuma yao alisimama Rhoda. Wengine wote walitazama maua. Rhoda aliutazama ule mkono.

"Endelea."

Picha nyingine. Justa anampima Euphrasia kitambaa cha shela kichwani, Euphrasia amefumba macho kama mtoto anayesukwa. Rhoda yuko pembeni, amekaza midomo.

"Huyu dada," alisema Fazal polepole, "yumo kwenye picha nyingi hivi, na hakuna hata moja anayocheka."

"Saa nne na robo ulipiga nini?"

"Mawaridi. Kwa karibu."

Nyuma ya meza yake Justa alikuwa amesimamisha kioo kirefu ili maua yaonekane mara mbili. Kwenye picha, mbele palijaa mawaridi. Lakini ndani ya kioo, juu ya petali, ilionekana mikono ya mwanamke aliyesimama kwenye kona ya meza, nje ya picha. Mkono mmoja umeshika kifuniko cha bluu. Mwingine uko juu ya mdomo wa chupa. Fazal alikuza picha. Uso ukaonekana.

"Mungu wangu," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia maua."

Mamta aliulizwa tena. Alikumbuka kwamba Rhoda alionja wali kijiko kimoja, akatoka kutafuta maji ya kunywa, akarudi baada ya dakika kama kumi.

"Alirudi vipi?"

"Kimya. Akanawa mikono. Akanawa tena."

Alhamisi asubuhi Rhoda aliketi katika chumba cha mahojiano, mkoba mapajani. Scolastika alimweleza kwamba ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Rhoda alisema hahitaji wakili kwa jambo asilolijua. Scolastika akaweka picha mezani.

Rhoda aliivuta karibu.

"Ningekataa," alisema, "mngenifanya nini?"

"Ningekuonyesha nyingine."

"Hapana. Usinionyeshe nyingine. Nilikuwepo." Alifungua mkoba, akaufunga. "Nilimchagua mwenyewe, unajua? Wapambaji watano nilikwenda kuwaona, kuanzia Isaka mpaka Geita mjini. Nikasema huyu mama ana mikono mizuri, tumchukue. Sikujua alimfahamu mama yetu."

"Alimfahamu wapi?"

"Mwadui. Walikuwa kwaya moja. Alipomwona Euphrasia tu akasema, una sauti ya mama yako. Basi. Kuanzia hapo kila siku ni simu. Mama alipenda nini, mama alicheka vipi, mama aliimba wimbo gani. Mimi ningemsimulia lini, afande? Nilikuwa nalima, nauza pamba, natafuta ada. Kuna mwanaume alitaka kunioa. Nikamwambia asubiri huyu mtoto amalize shule. Hakusubiri."

"Endelea."

"Mtoto yule aliniita mayu, kama mama mzazi. Miaka ishirini na mbili. Mayu, naumwa. Mayu, nimefaulu. Mwezi uliopita tuko kwenye kikao cha kamati, nasikia anaita, 'Mayu, njoo uone.' Nikainuka." Sauti yake ilishuka. "Hakuwa ananiita mimi."

Onesmo aliacha kuandika kidogo, kisha akaendelea.

"Halafu nikasikia amemwomba amvishe shela mbele ya watu wote. Kazi ya mama. Yangu ile! Nikajiambia akivishwa na huyu, mimi nitakuwa nimemlea mtoto wa mtu mwingine."

"Ungeweza kumfukuza kazi. Ulikuwa kiongozi wa kamati."

"Euphrasia angemfuata."

Alitia sahihi maelezo yake. Scolastika alipomtoa, Euphrasia alikuwa amesimama koridoni na mchumba wake. Ilikuwa dhahiri ameshaambiwa. Alimtazama dada yake, akashindwa kumsogelea.

"Ulisikia nimemwomba shela," alisema. "Nani alikwambia alikubali?"

Rhoda alisimama.

"Alikataa. Jumamosi ileile, kabla hatujaingia ukumbini. Alisema yeye amekuja kupamba. Akaniambia, mwenye kazi hiyo yupo, na ukimruka mimi nafunga maua yangu narudi nyumbani. Nilikuwa nikuombe mchana, tukishakula." Euphrasia alifuta uso kwa kiganja. "Nilitaka nikuombe vizuri."

Rhoda alianguka. Onesmo alimdaka kabla hajagonga sakafu, akamkokota mpaka kwenye gari la mahakamani, na kutoka ndani ya gari wakamsikia akimwita mdogo wake kwa jina, mara moja, mara mbili, tena na tena. Euphrasia alimshika mchumba wake mkono. Hakugeuka.