Waya wa Betri

Lori lilikuwa linakwenda.

Tindo alivuta mafuta ya pikipiki yake ya Honda na kulitukana lori. Asubuhi ile alijipenyeza kwenye yadi ya wafanya magendo akiwa na ovaroli ya fundi umeme, akakata waya mkubwa wa betri. Lori lisingewaka. Baruti zilizofichwa chini ya mifuko ya saruji zisingefika darajani kulilipua, na dereva, asiyejua amebeba nini, angebaki hai.

Dereva mwenyewe ni kaka yake wa tumbo moja.

"Makao, hapa Tindo. Limewakaje?"

"Aliliachia kwenye mteremko," redio ya kikosi cha usalama ilijibu. "Tumemwona."

Starta ya lori lile ilikufa zamani, na kaka hulilaza mlimani ili asubuhi aliachie libiringike mpaka liwake. Lori la dizeli la kizamani likishawaka halimwulizi mtu betri. Kaka ndiye aliyemfundisha hayo. Lakini Tindo alikuwa amezoea magari ya kompyuta, akasahau. Ujanja mwingi mbele giza.

Akapiga simu.

Haipatikani.

Simu ya kaka ni kuukuu, haikai hewani bila kuchomekwa kwenye umeme wa lori. Na umeme huo alikuwa ameukata yeye.

"Makao, nipeni nafasi nimpite. Nitamsimamisha."

"Akifika kwenye kibao cha daraja, tunalilipua lori."

Alijaribu. Pikapu ya wafanya magendo iliyolisindikiza lori ilimmiminia risasi, tairi la mbele likapasuka, Honda ikamtupa mtaroni. Aliinuka akakimbia, akipunga mikono, akiita "Kaka!" mpaka sauti ikakauka. Lori likapanda kilima taratibu, kama kawaida yake.

Halafu ardhi ikatikisika.

Moshi ulipopungua, daraja lilikuwa limesimama na watu juu yake wamelala kifudifudi, wote wazima. Tindo hakuweza kufurahi. Alitamani angekuwa amefia kwenye mtaro ule.

"Kazi imekwisha, Tindo. Pole sana."

Alikung'uta vumbi, akarudisha redio kiunoni, akaanza kutembea polepole kama mtu anayetoka kibaruani. Simu yake ikaita. Alikuwa mke wa kaka.

"Shemeji, huyu mtu simpati tangu asubuhi. Itakuwa umeme wa lori umemsumbua tena. Hebu ukipata nafasi mtazamie, wewe si fundi?"

"Nimeshautazama, shemeji," Tindo alisema.