Mwandiko Ndani ya Kinanda

"Joash, hiki kinanda ulisema ulikinunua wapi?"

"Kisumu. Kwani volyumu imekushinda, mpenzi?"

"Haijanishinda. Nauliza tu."

Nauliza tu! Mwanamke akikuambia anauliza tu, ndugu yangu, jua jibu tayari analo. Nasambu alikuwa fundi wa redio na vinanda pale Huruma, Eldoret, na Jumamosi ijayo alikuwa aolewe na huyu Joash, mpiga kinanda wa kanisa lao. Volyumu ya kinanda ilikuwa imeharibika. Ukiipandisha kidogo inakwaruza, ukizidisha inanyamaza kabisa. Joash akamletea mchumba wake airekebishe kabla ya harusi.

Nasambu alipofungua kifuniko cha chini, moyo ulimlipuka paa! Yeye huandika jina la mteja ndani ya kila kitu anachotengeneza, vitu visichanganyike. Na hapo ndani, kwa mkono wake mwenyewe, paliandikwa: Nyaguthii, Langas, Novemba 2007.

Nyaguthii alimjua vizuri, alikuwa mwalimu wa kwaya. Fujo za uchaguzi zilipowaka, Januari 2008, vijana waliokuwa wakiwasaka watu wa kabila lake walivunja nyumba yake wakabeba hadi sufuria. Alitorokea Nakuru, na sasa ni miaka miwili na ushee hajarudi.

"Joash, wakati wa fujo ulikuwa unaishi wapi?"

"Langas, si unajua? Mbona unanihoji kama polisi?"

"Njoo usome hapa."

Joash akasoma. Jasho likamtoka, na baridi yote ile ya Eldoret.

"Sweetie, majina hufanana..."

"Huo mwandiko ni wangu! Uliingia kwa nyumba ya mama wa watu ukaiba?"

Joash akaangalia chini.

"Niliingia. Wale vijana walinitoa kwangu kwa nguvu. Ningekataa, wangenigeukia mimi."

"Na kinanda pia walikubebesha kwa nguvu?"

Joash akageuza uso. Hapo Nasambu akaona harusi yake inateleza mikononi. Ni nani huyu aliyetaka kulala naye kitanda kimoja? Akachukua simu, akaandika: "Mama, ni Nasambu fundi. Kinanda chako kimepatikana. Alikuwa nacho Joash, mchumba wangu. Nisamehe. Nipigie."

Haikupita dakika mbili simu ikalia. Akaweka spika.

"Nasambu, huyo Joash ni mrefu, ana kovu juu ya jicho?"

"Ndiyo, mama."

"Uwi! Basi ni yeye! Siku hiyo nilikuwa chini ya kitanda na mtoto, nimemziba mdomo. Huyo kijana akainama, tukaonana macho kwa macho. Akawaambia wenzake, 'Huku hakuna mtu, twendeni!' Wakatoka. Tuko hai kwa sababu yake."

Nasambu akamgeukia Joash, machozi yanamlengalenga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Nikuambie nilimwokoa mtu, uniulize kinanda nilikitoa wapi? Nilikikuta mlangoni nikitoka, nikakibeba. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikitaka, Nasambu. Hata siku kama hiyo, nilikitaka." Akainamia simu. "Mama, nisamehe."

"Kila usiku namwombea yule kijana aliyeinama," Nyaguthii akasema. "Halafu namlaani mwizi wa kinanda changu. Miaka yote hii! Kumbe nilikuwa nampelekea Mungu mtu mmoja." Akacheka huku analia. "Mwambie akilete mwenyewe. Nataka kumwona tena, safari hii nikiwa nimesimama."

Simu ikakatwa. Nasambu akavuta stuli, akaitoa ile volyumu mbovu akaweka mpya, akaijaribu mara tatu hadi ikatii. Akafunga kifuniko, akamkabidhi Joash kinanda.

"Kesho asubuhi, Nakuru."

"Na harusi yetu?"

"Ukirudi mikono mitupu, Jumamosi utanikuta kanisani."