Uji wa Picha

Kila alasiri Chiriku alikaa kwenye stuli ndani ya studio ya baba yake, akikata picha za pasipoti na kupiga soga na wateja. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa amemaliza sekondari na alitaka kusomea uuguzi. Chuo kilimtaka kila mwombaji aeleze amewahi kuwahudumia watu gani.

"Wewe umemhudumia nani?" baba aliuliza.

"Labda hawa wateja wako."

"Hao hawatoshi. Niachie mimi."

Jumamosi baba alimpeleka kwenye makao ya wazee, na kamera begani. Muuguzi wa zamu aliwakaribisha, akidhani wamekuja kusaidia. Baba alipitisha macho vitandani kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akamteua bibi mmoja aliyeketi karibu na dirisha.

"Huyu ana sura ya huruma," alinong'ona.

Chiriku alipewa bakuli la uji na aproni nyeupe. Akainua kijiko.

"Ngoja, mwanga haujakaa sawa," baba alisema. "Bibi, usimeze kwanza. Fungua mdomo tena."

Kijiko kilikwenda na kurudi. Uji ulipoa, ukamchuruzika bibi kidevuni hadi ndani ya kola. Chiriku alipotaka kumfuta, baba alimzuia.

"Acha, hapo ndipo panapopendeza."

Bibi akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasema taratibu, "Mjukuu wangu, mimi nina njaa. Mkimaliza mtanipa?"

Chiriku akachota kijiko kingine. Baba tayari alikuwa anafunga begi, akamshika mkono wakaondoka.

Jioni, nyumbani, baba alimwonyesha mama ile picha kwa fahari. Chiriku alisukuma sahani yake kando.

"Mbona huli?" mama aliuliza.

"Naona kinyaa, Mama."

"Chakula kina nini?"

"Chakula hakina neno. Najionea kinyaa mimi mwenyewe." Akasimulia yote.

"Kila mzazi anampigania mwanawe," baba alijitetea. "Unadhani wenzako wanakwenda mikono mitupu?"

"Baba, uniwie radhi, lakini ile picha inanuka."

Mama aliweka upawa chini. "Mume wangu, umemtia bibi wa watu uji mdomoni ukamkataza kumeza? Mimi nataka kulea muuguzi, sitaki sanamu ya dukani. Ifute."

Baba akaichukua kamera, akaifuta ile picha.

Jumamosi iliyofuata Chiriku alirudi makaoni peke yake na kumweleza muuguzi ukweli. Muuguzi alimtazama kwa karaha.

"Nilidhani mmekuja kwa moyo. Haya, mashuka machafu yako kule nyuma."

Harufu ya mkojo ilimtoa nje mara mbili akatapike, na mara zote mbili alirudi. Baadaye alimlisha yule bibi polepole, akingoja ameze ndipo aongeze kijiko, mpaka bibi akasema ameshiba.

Tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja. Kwenye maombi yake aliandika kwamba ndiyo kwanza ameanza kuwahudumia wazee. Alipoitwa kwenye usaili, walimu wa chuo walimuuliza alianzaje kazi hiyo. Alieleza kila kitu, picha ikiwemo, huku uso ukimwaka kwa aibu. Aliondoka akiamini amejiharibia.

Chuo kilimpokea.

Siku habari zilipofika, baba alifunga studio mapema, akaenda makaoni na binti yake kumwomba bibi radhi. Njiani kurudi akasema:

"Mwanangu, mapenzi yangu kwako yalinifumba macho, nikamwona mtu kama pambo. Ukitaka kusifiwa kwa wema, utende kwanza. Wema wa kuigiza humwumiza yule unayejifanya kumsaidia, na wewe mwenyewe hukuozesha ndani. Mimi nimelijua hilo ukubwani, wewe usilisahau."

"Sitalisahau, Baba."

Kwa mara ya kwanza, Chiriku hakuwa na la kuongeza.