Hewa Isiyokwisha

Hewa haikuisha. Tangu asubuhi Barthélemy alikuwa akiipindua kompyuta ya mkewe, kushoto, kulia, akigongagonga mipira ya maji kwa kidole na kulegeza kizibo cha juu ili hewa itoke. Mapovu yakaendelea kupanda, moja moja, bila haraka, kama ya mtu anayepumua.

Mwaka huo wa 1997, feni ya kompyuta ilikuwa haipatikani Likasi nzima. Ya kwao ilipoungua, Clotilde aliacha kuwachapia watu barua pale sebuleni, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Barthélemy, fundi aliyeachishwa kazi, akatoboa njia za maji ndani ya kipande cha shaba, akakiunganisha na rejeta ndogo ya gari bovu na pampu ya kuoshea kioo. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu. Maji aliyateka kwenye kisima cha jirani, nyumba iliyokaa tupu tangu Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa mjini miaka minne nyuma.

"Hii mayi iko nanuka tumbako," Clotilde alisema.

Kweli, yalinuka tumbako ya kunusa. Barthélemy aliijua ni ya nani.

Mchana umeme ukarudi. Pampu ikanguruma, maji yakazunguka, kompyuta ikawaka bila kupata joto. Clotilde alikuwa ameanza kucheka kwa furaha, ndipo povu kubwa likapita ndani ya shaba na kutoa sauti ya mwanamke, kavu, ya karibu.

"Barthélemy. Uniletee mayi, mwanangu."

"Yesu! Ni Mama Philomène wa pale jirani," Clotilde alinong'ona. "Si ulinambia alipanda treni na batoto yake?"

Barthélemy alichomoa waya. Pampu ilizima lakini maji hayakusimama, yalizidi kuzunguka yenyewe, yakipiga kwikwi kwenye kila kona ya mpira, na rejeta ikaanza kutoa jasho baridi, na kila povu lililofika juu likalitaja jina lake, taratibu, kwa upole ule ule ambao mama yule alikuwa akimwitia chakula zamani, hata akakaa chini sakafuni.

Clotilde alikimbia kumwita Mama Noëlla, mwanamke wa maombi aliyejulikana kwa kutoa pepo. Noëlla aliweka sikio kwenye shaba, akasikiliza kwa muda.

"Huyu haiko shetani," alisema. "Ni muntu. Na weye unamujua. Sema."

Barthélemy alisema huku akiitazama sakafu.

"Banapeleka famii yake kwa gare, kupanda treni, yeye akabaki, alikuwa mugonjwa. Yeye peke yake. Siku tatu aliomba mayi. Minye nilikuwa nasikia. Vijana walisema mwenye kusaidia Bakasai, nyumba yake itawaka. Nilifunga dirisha. Siku ya ine akanyamaza. Sikuenda kuangalia."

Clotilde, ambaye siku zile alikuwa kwa wazazi wake Mulungwishi, aliondoa mkono wake begani mwa mumewe.

"Muntu mwenye kiu," Noëlla aliuliza kwa sauti ya chini, "anatambaa mpaka wapi?"

Jioni ile ile Barthélemy alishuka kisimani kwa kamba. Mifupa aliipandisha mwenyewe, imefungwa ndani ya shuka la ndoa yao. Kesho yake wakamzika Mama Philomène kwa jina lake kamili. Waliporudi, Noëlla aliombea ile mashine, akalegeza kizibo, na povu la mwisho likatoka na pumzi ndefu. Harufu ya tumbako ikaisha. Maji yakatulia.

Siku mbili Barthélemy alilala usingizi mzito. Ya tatu, jua likiwa juu, Clotilde akiwa anachapa barua, povu dogo likapanda kwenye mpira. Likafuata lingine, na lingine, mapovu ya haraka, membamba. Clotilde akaacha kuchapa. Sauti iliyotoka haikuwa ya mama yeyote; ilikuwa ya mtoto mdogo, akimtaja bibi yake.

"Tata Barthélemy, nkambo mulishamutoa mu kisima. Na minye?"