Picha Mbovu ya Dirisha la Nane

Kengele haikuwepo.

Nyambizi ya watalii ilikuwa imesimama kando ya mabaki ya meli, mita thelathini chini ya bahari, na abiria wote walikuwa wamebandika simu zao kwenye vioo. Nahodha alitangaza kwa mbwembwe, "Na sasa, mabibi na mabwana, kengele yetu!" Kisha akameza mate. Mahali ilipokuwa ikining'inia siku zote palibaki ndoano tupu na samaki mmoja mnene, anashangaa kama wao.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kufikia saa sita mzamiaji wa kampuni alikuwa mahabusu, na Inspekta aliyepewa kesi alikuwa akishuka ngazi ya nyambizi. Kituoni walimbandika jina la Kwanini, naye hakulikataa. Katika miaka ishirini ya kazi alishakamata wezi juu ya paa na ndani ya mtaro, lakini chini ya bahari alikuwa hajafika. Alijitahidi kukunja uso kama afisa. Samaki wa kwanza alipopita dirishani uzalendo ukamshinda, akapiga picha.

Ilitoka na duara jeupe katikati, na pembeni pua yake mwenyewe.

"Zima flashi, afande," alisema mpiga picha wa kampuni, mwanamume mpole wa miaka arobaini hivi. "Mwanga unagonga kioo, unakurudia. Halafu bandika lenzi kabisa kwenye kioo, ujifunike." Alijitupia kitambaa cheusi, yeye na kamera yake. "La sivyo unapiga watu wa ndani badala ya samaki."

"Kwa nini kitambaa kimepauka hivyo?"

"Miaka kumi na moja, afande. Tumezeeka pamoja."

Inspekta alicheka. Alimpenda mtu huyu, na baadaye jambo hilo lilimkera sana.

Maana picha ya mtu huyuhuyu ndiyo iliyomfunga mzamiaji. Jumatatu kengele ilionekana na kila mtu. Jumanne nyambizi hupumzika. Jumatano bahari ilichafuka, maji yakawa uji mtupu, na hakuna abiria aliyeambulia kitu. Mpiga picha peke yake alitoa picha safi ya kengele, imeandikwa pembeni: Jumatano, saa kumi na dakika arobaini na mbili jioni. Baada ya hapo aliyeingia majini ni mtu mmoja tu, mzamiaji, aliyeshuka Alhamisi alfajiri kusugua vioo kwa nje.

Inspekta alirudi kituoni kumhoji.

"Uliichukua kengele?"

"Sikuichukua."

"Mtungi wako wa hewa ulirudi mtupu. Kwa nini?"

"Vioo ishirini na sita, mama. Njoo usugue wewe, tuone utarudi na hewa kiasi gani."

Nje, kwenye benchi, mke wa mzamiaji alikuwa amekumbatia bakuli la chakula lililofungwa kwa kitambaa. Alisimama mara alipomwona Inspekta.

"Afande, saa tisa wanampeleka mahakamani. Kampuni imeshasema leseni yake inafutwa leo hii. Sasa mume wangu akazamie wapi, kwenye ndoo?"

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa saba na nusu. Kuna kitu kilikuwa kikimwasha tangu atoke nyambizini: abiria wote waliona uji, mpiga picha aliionaje kengele?

Aliondoka mbio hadi hoteli ya kampuni, walikofikia watalii, akawakusanya abiria wa Jumatano katika ukumbi wa mapokezi. Simu zikapita mkononi mwake moja baada ya nyingine. Kijivu. Kijivu. Kijivu. Wote walikuwa wanafunzi wazuri wa mpiga picha: flashi wamezima, lenzi wamebandika.

"Na wewe, bibi?"

Bikizee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alificha simu yake. "Picha zangu mbovu, mwanangu. Hiyo flashi sijui inazimiwa wapi. Nilikuwa ndiyo nataka kuzifuta."

"Usifute!" Inspekta alipiga kelele mpaka mhudumu wa mapokezi akaangusha funguo.

Picha moja ilikuwa imepigwa dirisha la nane, kando ya meli. Bahari haikuonekana hata kidogo. Kioo kilikuwa kimerudisha kila kilichomo ndani: duara jeupe la mwanga, kilemba cha bibi, na nyuma ya bega lake, ameketi kwenye ngazi, mpiga picha. Kitambaa cheusi kimekunjwa magotini. Kamera iko juu yake, na lenzi imefungwa kifuniko. Inspekta alishuka kwa kidole hadi kwenye saa ya picha. Saa kumi na dakika arobaini na mbili.

Alimkumbatia bibi wa watu mbele ya kadamnasi. "Bibi, hii ndiyo picha nzuri kuliko zote!"

"Wacha utani, mwanangu. Sijamwona hata samaki."

Inspekta alizituma picha zote mbili kwa mtaalamu wa uchunguzi wa picha makao makuu. Jibu lilimkuta njiani. Saa ya bibi ilikuwa ya kweli. Ya mpiga picha ilikuwa imepachikwa kwa kompyuta.

Alimkuta katika chumba chake kidogo cha kusafishia picha, akipanga nyuso za watalii ukutani. Inspekta aliiweka simu ya bibi juu ya meza. Mpiga picha aliinama kuitazama.

"Flashi," alisema.

"Flashi. Jumanne ulikuwa wapi?"

Mpiga picha aliigeuza simu, uso chini.

"Daftari la kampuni linasema uliazima mashua. Nani alikufundisha kuzamia?"

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Mzamiaji." Machozi yalimlengalenga. "Sikumkusudia yeye, afande. Nilitaka tu msiiangalie Jumanne. Alfajiri ya vioo haikunijia kichwani kabisa. Na alipokamatwa, mdomo ukawa mzito."

"Kwa nini uliichukua?"

"Baba yangu alikuwa mpishi wa meli ile. Alizama nayo, hakupatikana. Miaka kumi na moja napiga picha kaburi la baba yangu, watalii wanapunga mikono. Nilivumilia, kwa sababu kila picha nzuri nilimpelekea mama. Miaka miwili sasa mama haoni. Halafu Jumatatu meneja anatuambia kengele itapandishwa ining'inizwe mapokezi, wageni waigonge wakifika." Alijifuta uso kwa kile kitambaa cheusi. "Meli ikikaribia bandari, baba ndiye aliyekuwa akiigonga. Mama akiisikia anabandika maji ya kuoga. Nilitaka aisikie tena."

"Ameisikia?"

"Bado. Niliogopa majirani."

Saa tisa kasorobo. Gari la polisi lilikata mitaa king'ora kikilia hadi kwenye nyumba ndogo ya mama wa mpiga picha, nyuma ya soko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizo ni buti za polisi," alisema mama, mikono yake ikiwa juu ya kitu kilichofunikwa khanga. "Mwanangu kafanya nini?"

Inspekta alimwacha mwana aseme mwenyewe. Alisema yote, hadi kwa mzamiaji.

"Yule aliyekufundisha? Aliyekula kwangu sikukuu zote?" Mama alisimama. "Mwenzio yuko ndani, na wewe unanipapasisha kengele! Afande, ichukue. Na huyu mchukue. Ila niruhusu niigonge, mara moja tu."

Inspekta alikuwa ameshapiga simu kituoni. Mama aliivua kengele khanga, akautafuta ulimi wake kwa vidole, akauvuta.

Sauti ilijaa chumba, ikatoka dirishani, ikafika sokoni, watu wakageuka. Mpiga picha, pingu mkononi, alilia kama mtoto.

"Afande?" sajini aliuliza kwenye simu. "Hicho ni nini?"

"Kielelezo namba moja. Mfungulie mzamiaji, haraka, kabla gari la mahakamani halijaondoka. Mkewe yuko hapo kwenye benchi."

Alipogeuka, kiti cha mama kilikuwa kitupu. Alikuwa amepapasa ukuta hadi jikoni, na sufuria ya maji ilikuwa tayari juu ya moto.