Meneja Agoma Kula

Fundi baiskeli alifungua kibanda chake saa moja asubuhi, kama kila siku. Akatoa pampu. Akajaza maji kwenye beseni la kutafutia pancha. Akapanga spana juu ya gunia, kuanzia ndogo hadi kubwa. Kisha akaingia ndani kumchukua Meneja.

Meneja alikuwa paka jike wa rangi ya majivu. Alikuwa amekula chumvi nyingi, miaka kumi na minne. Binti wa fundi alipozaliwa, alimkuta paka huyo tayari ni mwenyeji wa nyumba. Jina alipewa na wateja, kwa sababu kutwa alilala juu ya sanduku la vifaa, jicho moja wazi, akitazama wengine wakifanya kazi.

"Hagusi spana," walisema, "lakini asipokuwepo, kazi haiendi."

Siku hiyo, Jumatatu, Meneja hakulala. Alikaa kitako, ameinamisha kichwa. Ute mwembamba ulimning'inia mdomoni. Binti alimwekea vipande vya samaki. Paka akanusa, akatia kipande kimoja mdomoni, akakitema kama kimemchoma. Akajisugua shavu kwa mguu, akaondoka.

"Baba, Meneja hali," binti alisema.

"Nimeshaona wafanyakazi wakigoma," fundi alijibu. "Meneja kugoma ndiyo mara ya kwanza."

Binti hakucheka. Alichukua mkoba wake akaenda shule huku akigeuka nyuma.

Fundi naye hakuwa na raha. Alikaza nati moja mara tatu. Kila baada ya dakika chache alinyanyuka kutazama sahani, akarudi, akakaa, akanyanyuka tena. Mpaka jioni samaki walikuwa pale pale, nzi wamewajaa.

Mkewe alikuwa mshonaji, na hakupenda mambo ya kuzungukazunguka. Alimshika Meneja, akamfungua mdomo kidogo. Harufu ikamfanya arudishe kichwa nyuma.

"Huku ndani pameoza," alisema. "Kesho mpeleke kwa daktari wa wanyama. Usije ukaniambia kesho kutwa."

Jumanne asubuhi fundi alimtia Meneja kwenye kikapu, akaenda kliniki. Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mmoja alikuwa na mbwa mwenye mkufu unaong'aa. Mwingine alikuwa na paka mweupe ndani ya sanduku lenye mlango na mpini. Fundi akakisogeza kikapu chake chini ya miguu.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Alimpima Meneja bila haraka, akatazama meno kwa tochi ndogo.

"Meno mawili ya nyuma yameoza," alisema. "Fizi zimevimba. Ana maumivu makali, ndiyo maana hali. Kwa umri wake, ningependa tupime damu, tupige picha ya meno, tumtundikie dripu, tung'oe yaliyooza, tusafishe yaliyobaki, na alale hapa siku mbili."

"Sawa, daktari," fundi alisema.

Daktari akaandika yote kwenye karatasi, na bei kando yake. Fundi akaisoma kutoka juu hadi chini. Jumla ilizidi alichoingiza kwa miezi miwili.

"Tuanze leo?" daktari aliuliza.

"Sawa, daktari. Yaani, nitarudi. Kuna jambo dogo nyumbani."

Nyumbani hapakuwa na jambo lolote. Alilipa ada ya kumwona daktari, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Akatoka akitembea mbio mbio, kana kwamba ameiba kikapu.

"Daktari kasemaje?" mkewe aliuliza.

"Kasema tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini?"

"Tuone."

"Tuone nini?"

Fundi akachukua pampu, akatoka nje. Hapakuwa na baiskeli ya kujaza upepo.

Jumatano Meneja hakutoka chini ya kitanda. Binti alilala kifudifudi sakafuni, akambembeleza kwa mchuzi kwenye kijiko. Paka akageuza uso. Binti akasimama, sare ya shule imejaa vumbi, akaenda shule bila kumuaga baba yake.

Alimtoa Meneja, akamlaza kwenye kitambaa kibandani. Alifanya kazi roho juu juu. Alitafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi.

Saa nne akaja jirani yake, nyumba ya tatu kutoka kwake. Wote mtaani walimwita Bibi Mifugo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa baiskeli akichanja kuku, mbuzi na ng'ombe wa watu. Tairi lake la nyuma lilikuwa limelala.

"Mwiba huo, dada," fundi alisema. "Kaa hapo, kuna mtu mbele yako."

Mtu huyo alikuwa msambaza mikate. Baiskeli yake ilikuwa hoi. Breki zimekwisha, rimu ya mbele imepinda, kiti kimechanika, kengele hailii.

"Una kiasi gani?" fundi alimuuliza.

Msambaza mikate akafungua kiganja, akamwonyesha.

"Basi nakuwekea breki, na rimu nainyoosha kidogo isikwaruze. Kiti funga kitambaa. Kengele tumia mdomo. Mwisho wa mwezi tutaona mengine."

"Mdomo ninao," mtu yule alisema. Fundi akamfungia breki, naye akaondoka akipiga mluzi.

Bibi Mifugo alikuwa akitazama. Lakini sasa macho yake yalihamia kwenye mikono ya fundi. Fundi alikuwa ametoa kidonge cheupe mfukoni, akakikata katikati kwa kisu.

"Cha nani hicho?" aliuliza.

"Cha Meneja. Meno yanamuuma. Ni parasetamoli tu, hii tunayomeza sisi kichwa kikiuma."

"Kiweke chini, Fundi."

"Ni nusu, dada."

"Hata robo. Kiweke chini kwanza, halafu tuongee."

Fundi akakiweka. Bibi Mifugo akakichukua, nusu zote mbili, akazifunga kwenye karatasi na kuzitia kwenye mfuko wake.

"Sikiliza," alisema. "Dawa hii inakusaidia wewe kwa sababu mwili wako unaweza kuivunjavunja na kuitoa. Mwili wa paka hauwezi. Kwake ni sumu. Inaharibu damu, inaharibu ini, anabaki anahema tu. Nusu ya kidonge inaweza kumuua. Paka ana dawa zake za maumivu, na mbwa ana zake. Kipimo anatoa daktari. Usichukue ya watu ukampa."

Fundi alifuta mikono kwenye suruali. Akaifuta tena.

"Angekufa mikononi mwangu," alisema polepole.

"Hajafa. Ila kwa nini hajapelekwa kwa daktari?"

Fundi akatoa ile karatasi. Bibi Mifugo akaikunjua, akaisoma.

"Huyu daktari kaandika vizuri. Ulipomwambia huna pesa hizi, alisemaje?"

"Sikumwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Nilisema sawa, daktari. Nikasema sawa tena. Nikaondoka."

"Kwa nini?"

"Aibu, dada. Pale mbwa wana mikufu. Mimi nimembeba wangu kwenye kikapu cha vitunguu."

"Kwa hiyo afadhali paka afe, kuliko daktari ajue huna pesa?"

Fundi akaokota spana, akairudisha.

"Yule wa mikate," Bibi Mifugo aliendelea, "alipofungua kiganja, ulimdharau?"

"Nimdharau kwa nini? Asiponiambia alichonacho, nitajuaje pa kuanzia? Nikimtajia kila kitu kwa mpigo si ataondoka..."

Akaitazama ile karatasi mkononi mwa Bibi Mifugo. Tairi lake bado lilikuwa limelala.

"Mimi sisemi kitu," Bibi Mifugo alisema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

Kisha akamweleza, akihesabu kwa vidole. Arudi kwa daktari leo hii. Kabla ya jambo lolote ataje kiasi alichonacho. Aulize kipi ni lazima leo, kipi kinaweza kusubiri, na kisipofanyika itakuwaje. Aulize kama anaweza kulipa kidogo kidogo, na kama wakikubaliana, waandikiane. "Na kama hapo hamtaelewana, kuna chuo cha mifugo. Wanafunzi wanatibu, walimu wao wamesimama pembeni. Bei ni nafuu. Mimi nachanja mbuzi, sing'oi meno ya paka, lakini njia naijua."

"Nimalize pancha yako kwanza."

"Nitatembea. Paka asiyekula siku mbili tatu, ini lake linaanza kuharibika. Leo ni siku ya tatu. Funga kibanda."

Fundi alifunga, akamtia Meneja kwenye kikapu. Mlangoni alimkuta mkewe, uzi mdomoni.

"Daktari hakusema tusubiri," fundi alimwambia. "Mimi ndiye niliyekimbia bei. Nikakudanganya."

Mkewe akatoa uzi mdomoni.

"Sijui ni mdomo wa nani unaohitaji daktari zaidi, wako au wa Meneja," alisema. Lakini alivuta droo ya cherehani, akatoa alichokuwa amepata juzi kwa kushona sare, akakiweka ndani ya kikapu, kando ya paka. "Nenda."

Safari hii fundi hakukisukuma kikapu chini ya miguu. Alipoitwa, aliingia, akakiweka mezani, akasema kabla hajakaa: "Daktari, jana nilikimbia. Nina kiasi hiki tu. Nataka apone, lakini sina zaidi. Kwa hiki, tunaanzia wapi?"

Maneno yalimtoka yote kwa pumzi moja. Alisubiri uso wa daktari ubadilike.

Daktari alivuta kiti. "Ungeniambia jana," alisema. "Ile karatasi ilikuwa na kila kitu ambacho ningependa kufanya. Si kila kitu ni lazima." Akachukua kalamu, akaanza kukata mistari. "Leo tunampiga sindano ya maumivu, ya paka. Akipata nafuu atalamba chakula laini. Tunapima damu kidogo kuangalia figo, kwa sababu nikimlaza kwa dawa ya usingizi na figo zimekufa, hataamka. Ijumaa tunang'oa meno mawili. Picha na kusafisha vitasubiri. Alale nyumbani. Nusu lipa leo, nusu lipa kwa wiki nne. Tutaandikiana."

"Na figo zikiwa zimekufa?"

"Nitakwambia ukweli. Hutalipia matibabu yasiyomsaidia. Tutamlaza usingizi wa mwisho asiumie, na hatutamwacha ateseke."

Fundi alisubiri majibu ya damu amesimama. Alisoma tangazo la chanjo ukutani mpaka akalijua kwa moyo. Mlango ulipofunguka, alitazama viatu vya daktari, si uso.

"Zimechakaa kama za bibi yeyote," daktari alisema. "Lakini zinafanya kazi. Ijumaa mlete."

Jioni hiyo Meneja alilamba mchuzi wa samaki, vijiko viwili. Binti alihesabu. Ijumaa meno yakang'olewa.

"Kesho ndiyo itatuambia," daktari alisema akimrudisha kikapuni, bado ana usingizi. "Akila mwenyewe, amevuka. Sahani ikibaki imejaa mpaka jioni, mrudishe mara moja."

Usiku kucha hapakuwa na aliyelala vizuri. Walipokuwa wakinywa chai asubuhi, binti aliuliza: "Baba, siku moja Meneja hatapona tena, sivyo?"

"Itafika," fundi alisema. "Ni mzee. Lakini safari hii hatutangoja mpaka atambae chini ya kitanda. Daktari amesema mnyama mzee aonwe mara mbili kwa mwaka, hata kama anakula. Tutaweka kidogo kidogo kila Jumamosi kwa ajili hiyo. Na siku hiyo ikifika, tutamuuliza daktari mapema, tutakaa naye wote."

"Na mimi?"

"Wewe kwanza."

Waliweka samaki aliyepondwa na kuloweshwa. Saa tatu sahani ilikuwa imejaa. Saa tano ilikuwa imejaa. Fundi alijaza upepo tairi ambalo lilikuwa gumu tayari, mwenye baiskeli akamfukuza.

Saa saba sahani ilikuwa tupu. Fundi aliitazama, akaigeuza, akatazama chini yake.

"Kala," mkewe alisema.

"Nani kasema? Ni lile paka dume la jirani, lile jizi. Linapita dirishani."

Akaweka samaki wengine, akafunga dirisha, akajibanza nyuma ya mlango. Magoti yalimuuma. Mteja alipiga hodi nje, akapiga tena. Mkewe akamjibu kwamba fundi yupo, ana kazi maalumu.

Meneja alitoka taratibu chini ya kitanda, shavu moja limevimba. Alikwenda moja kwa moja kwenye sahani. Alinusa. Akainamisha kichwa upande usiouma, akaanza kula. Alikula mpaka akailamba sahani ikasogea sakafuni, naye akaifuata mpaka ikagota mlangoni, mbele ya kidole gumba cha fundi.

Akainua macho, akamtazama mtu aliyejificha. Kisha akalia, kwa sauti nene ya kikongwe anayeuliza kama ndicho chote kilichopo.

Fundi aliteleza ukutani mpaka chini. Akakaa sakafuni.

"Mwambie mteja anipe dakika tano," alimwambia mkewe. "Nimechoka ghafla."