Macho Yaliyolala Kwenye Lengalenga

Kila asubuhi, kabla jua halijachoma mabati ya mtaa wa Buyenzi, Dative alikuwa nyuma ya nyumba na ndoo yake, akimwagilia lengalenga, mchicha wa kwao. Shamba la familia lilikuwa mlimani, na kwa sababu ya vita njia ya mlimani haikupitika tena. Mumewe, Méthode, alipakua mizigo bandarini. Lakini mwaka ule nchi ilikuwa imewekewa vikwazo vya biashara, meli zilikuwa za kuhesabu, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Basi kile kipande cha udongo, kisichozidi upana wa mikeka michache, ndicho kilikuwa shamba lao na ghala lao.

Mtoto wao, Chanelle, alikuwa ameachishwa kunyonya. Nywele zake zilianza kuwa nyekundu, na miguu ilivimba. Muuguzi wa dispanseri alisema ni utapiamlo, akamwambia Dative ampe mboga za majani kila siku, maharage, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, zikipatikana, kisha amrudishe apimwe. Dative aliitikia. Moyoni alijiuliza mboga hizo zitatoka wapi.

Maana miche yake ilikuwa kama inamcheka. Ilirefuka tu, myembamba, majani machache. Dative alichuma majani ya chini na kuacha ncha, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake, Consolate. Kila alipochuma, mche ulibaki uchi zaidi. Mingine ilianza kuchanua. Lengalenga likishazaa mbegu, majani ndiyo kwaheri.

Upande wa pili wa ua aliishi Asiya, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Shakuru. Kabla ya vita alifanya kazi kwenye kitalu cha mboga, na mdomo wake haukuwa na pazia. Siku moja alichungulia.

"Mama Chanelle, hizi ni mboga ao ni miti ya kujengea?"

Dative alicheka bila kupenda, kisha akamweleza habari za mtoto. Utani ukamwisha Asiya. Akaingia, akainama, akaitazama miche mmoja mmoja. Akasema ikatwe vichwa, leo hii.

Consolate alikuwa mlangoni akichambua maharage. Mikono yake ikasimama. Alikuwa amekimbia kutoka mlimani na nguo aliyovaa tu, na yaliyotokea huko hakuyasimulia kamwe.

"Apana," alisema polepole. "Mu nyumba hii akuna kitu kitakatwa kichwa. Tumeona ya kutosha."

Hakuna aliyebishana naye. Asiya naye alikuwa amezika watu wake. Aliketi chini kando ya bibi, wakachambua maharage pamoja mpaka yakaisha. Ndipo akamwomba waende akamwonyeshe kitu tu, bila kisu.

Alishika jani moja, akaonyesha pale linapoungana na shina. Palikuwa na kinundu cha kijani, kidogo kuliko punje ya ulezi.

"Hii ni jicho, Mama. Imelala. Kila jani iko na jicho yake. Unajua ni nani anailaza?"

Akawaeleza. Kwenye ncha ya juu, mmea hujitengenezea kitu fulani, kidogo mno, hakionekani. Kitu hicho ni mjumbe. Wataalamu humwita homoni. Hushuka ndani ya shina, na kila jicho analolipita huambiwa: lala, bado. Ndiyo maana mche hukimbilia juu. Ukiondoa ncha, ujumbe huo hukoma. Nayo mizizi hupandisha mjumbe mwingine, anayesema: amka. Hapo macho huamka, yakawa matawi.

Dative aliuliza kama macho yote yakiamka pamoja mmea hautachoka.

"Apo ndo maajabu," Asiya alisema, na sauti yake ilishuka. "Kila tawi jipya inapata ncha yake. Ile ncha inatuma mjumbe wake, inatuliza macho ya chini. Wajumbe wakizidi, mmea unawavunja. Wakipungua, unatengeneza wengine. Akuna mutu anaupimia. Unajipimia wenyewe. Subhanallah."

Dative aliutazama mche kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Siku zote alidhani anamwagilia kitu bubu. Kumbe ndani ya shina jembamba kama kalamu wajumbe walikuwa wakipanda na kushuka, usiku na mchana, hata wakati risasi zinalia, na hakuna aliyewahi kusikia mnong'ono wao.

Consolate aligusa kile kinundu kwa ncha ya kidole.

"Basi aitakufa?"

"Aitakufa, Mama. Tunaacha majani ya chini, yaulishe. Tunakata kwa kisu safi, juu kidogo ya jani. Na maji."

"Mumoja tu," Consolate alisema. "Na mi ndo nitakata."

Alichagua mche mbovu kuliko yote. Akakata. Baada ya hapo, kila alipoamka alikwenda kuutazama kabla ya kunawa uso. Kwanza mche ulisimama tu kama kisiki, na Dative akaanza kujilaumu. Mtoto alizidi kulegea.

Kisha asubuhi moja Consolate alimwita kwa sauti ndogo. Chini ya pale alipokata, macho mawili yalikuwa yamefunguka. Kila moja lilikuwa na vijani vyake, vimekunjana kama vidole vya kichanga.

 Bibi alichukua kisu, akakata mstari wote. Ila miche iliyokwisha kuchanua sana waliiacha izae mbegu za kupanda, kwa shauri la Asiya.

Zile ncha walizipika siku hiyohiyo kwa mawese. Baadaye kila mche ukawa kichaka. Kila walipochuma ncha, yaliamka macho mengine. Mboga zilizozidi zilipita juu ya ua kwenda kwa Asiya, na ndagala zikarudi kwa njia hiyohiyo. Chanelle alikula, kisha akaanza kudai chakula kwa kelele. Dispanseri walimpima wakafurahi. Uvimbe ulikwisha, na nywele mpya zilizoota zilikuwa nyeusi.

Mvua zilipoanza, mwanamke mwingine aliyekimbia mlimani alikuja kuomba majani. Consolate alimpeleka bustanini, akamwekea kisu mkononi, akamwonyesha ncha. Mwanamke yule alisita, akautazama mche, akamtazama bibi.

"Kata, mwanangu," Consolate alisema. "Chini yake kuna macho mengine yanangoja."